MIOME: Chuo Walichotuachia Wazee Wetu, na Funzo Lake kwa Kijana wa Leo

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Allah (S.W.T.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba zake. Mwezi huu wa Ramadhan tunasoma sana juu ya funga, zaka na Lailatul Qadr, na ndio mahali pake. Lakini nipe dakika chache nikurudishe kwenye historia, tena si historia ya mbali, ni ya hapa hapa kisiwani Mombasa. In-shaa-Allah mwishoni tutarudi kwenye zaka, utaona mambo haya yanakutana.

Ukipita Tudor utaona lango la Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, ambacho wengi wetu tunakiita TUM. Wanafunzi wanaingia na kutoka, kila mmoja na simu yake mkononi. Hebu jiulize: chuo hiki kilijengwa kwa ajili ya nani? Nimewauliza vijana wenzangu swali hili, na wengi hawajui. Jibu ni kwamba kilijengwa kwa ajili yako wewe, kijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki, ili uwe fundi. Jina lake la kwanza lilikuwa Mombasa Institute of Muslim Education, na kwa ufupi MIOME. Wazee wa Mombasa mpaka leo wakilisikia jina hili hutabasamu.

Wazee walikuwa wanaogopa nini?

Ili uelewe kwa nini MIOME ilianzishwa, lazima urudi nyuma kidogo. Watu husema kwamba Waislamu wa pwani walibaki nyuma kielimu kwa sababu ya uvivu. Maneno hayo si ya haki. Wazee wetu walikuwa na sababu zao.

Sababu ya kwanza ilikuwa dini. Shule nyingi za mwanzo zilikuwa za wamishonari. Freretown, ng'ambo ya kisiwa, ilianzishwa 1875 na wamishonari wa Kianglikana kwa ajili ya watumwa walioachwa huru, na humo masomo na ubatizo vilikwenda pamoja. Mzazi Mwislamu aliona kumpeleka mwanawe shule ni kumtoa kwenye dini. Hapo hakuwa mjinga, alikuwa analinda amana.

Sababu ya pili ilikuwa siasa. Serikali ya kikoloni iligawa shule kwa rangi: ya Waarabu mbali, ya Wahindi mbali, ya Waafrika mbali. Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes kutoka Marekani ilizuru Afrika Mashariki, na ushauri wake ulikuwa Mwafrika afundishwe zaidi kilimo na kazi za mikono. Sasa fikiria, wewe ni mzazi wa wakati ule. Mzungu anampeleka mwanawe akasome sheria na udaktari, wewe anakuambia wako ashike jembe na randa. Si utashuku? Watu wengi wakaamini kwamba ufundi ni mlango wa nyuma wa kuwaweka chini, na elimu ya kweli ni ya kalamu na meza.

Sababu ya tatu tunaona haya kuitaja, lakini historia haina haya. Utumwa katika pwani ya Kenya ulifutwa kisheria 1907. Kwa miaka mingi kabla ya hapo kazi nyingi za jasho zilifanywa na watumwa, na dharau ya kazi hizo ikabaki vichwani hata baada ya sheria kubadilika. Ajabu ni kwamba pwani hii hii ilikuwa na mafundi wakubwa. Milango ya Lamu iliyochongwa, majahazi ya Matondoni, dhahabu na fedha za masonara, majumba ya mawe na chokaa, hivyo vyote ni kazi ya mikono. Tulikuwa tunausifu mlango na kumsahau aliyeuchonga.

Mwanachuoni aliyelisimamia suala hili waziwazi ni Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya kuanzia 1937 hadi kufa kwake 1947. Alitoa gazeti la Sahifa mwaka 1930, kisha Al-Islah mwaka 1932, na humo akawa anawahimiza Waislamu watafute elimu ya dunia bila kuiacha dini yao. Hoja yake, kwa maneno yangu mimi, ilikuwa kwamba kuikimbia elimu hakuilindi dini, bali kunaidhoofisha.

Kutoka 1948 hadi 1951

Sheikh Al-Amin hakuwahi kuiona MIOME. Chuo kilianzishwa mwaka 1948, mwaka mmoja baada ya yeye kurejea kwa Mola wake. Michango ilitoka pande nyingi: kwa Sultani wa Zanzibar, Sayyid Khalifa bin Harub, kwa Aga Khan wa tatu, kwa jamii ya Mabohora, na kwa serikali ya kikoloni ya Uingereza. Tazama orodha hiyo vizuri. Ibadhi, Ismailia na Bohora, watu ambao misikiti yao ni mbalimbali, walikubaliana juu ya jambo moja: kijana Mwislamu anahitaji kazi ya kushika.

Wanafunzi wa kwanza waliingia Mei 1951. Lengo lilikuwa kuwapa Waislamu wa Afrika Mashariki elimu ya kutosha ya kiufundi, si watoto wa Mombasa peke yao. Na hapa ndipo wasiwasi wa wazee ulipopata jibu. Mzazi aliambiwa: mwanao atajifunza ufundi wa kisasa, na dini yake haitaguswa. Hakulazimika tena kuchagua kimoja.

Wakati ule Mombasa ilikuwa inawahitaji sana mafundi. Bandari ya Kilindini ilikuwa inakua, reli ilikuwa na kazi nyingi, na baadaye, 1963, kiwanda cha kusafisha mafuta kikafunguliwa Changamwe. Kila kitu hapo kilitaka mtu anayejua mtambo, waya na bomba.

Jina linabadilika

Baada ya uhuru nchi nzima ikawa inahitaji mafundi. Mwaka 1966 MIOME ikawa Mombasa Technical Institute, na milango ikafunguliwa kwa wanafunzi wa dini zote. Mwaka 1972 ikawa Mombasa Polytechnic, politekniki ya pili ya kitaifa baada ya ile ya Nairobi. Mwaka 2007 ikapandishwa kuwa chuo kikuu kishiriki, na Januari 2013 ikapewa hati ya kuwa chuo kikuu kamili, yaani TUM ya leo.

Usinielewe vibaya, ndugu msomaji. Silalamiki kwamba wasiokuwa Waislamu waliingia. Elimu ni ya wote, na chuo kilichojengwa kwa mali ya Waislamu kikinufaisha Wakenya wote hiyo ni sadaka inayoendelea, na malipo yake yako kwa Allah. Linaloniuma ni jambo jingine. Lango lilipofunguliwa kwa wote halikufungwa kwetu. Sisi wenyewe ndio tulioanza kulipita bila kuligeukia. Kijana wa Lodwar na wa Kisii anasafiri kutwa nzima kuja kusoma ufundi Tudor, na wa Kibokoni, anayeweza kufika kwa miguu, amekaa barazani akisubiri kazi ya ofisi.

Karani na fundi

Kuna mtu mmoja maarufu sana aliyepitia MIOME, naye ni Profesa Ali Mazrui, mtoto wa huyo huyo Sheikh Al-Amin. Hakuwa mwanafunzi pale. Alikuwa karani kabla hajaenda Uingereza, ambako alihitimu Chuo Kikuu cha Manchester mwaka 1960. Baadaye dunia nzima ikamjua, mpaka alipofariki mwaka 2014 na kurudishwa kuzikwa Mombasa. Allah amrehemu.

Ninajivunia historia hiyo kama unavyojivunia wewe. Lakini angalia jambo moja. Karani wa chuo cha ufundi tunamjua kwa jina, kwa picha na kwa vitabu vyake. Je, unaweza kunitajia fundi mmoja aliyesoma MIOME? Aliyevuta nyaya za mtaa wenu, aliyetengeneza winchi za bandarini, aliyesimamisha mitambo? Wapo, na wengine wamo ndani ya ukoo wako. Majina yao hayako kwenye vitabu tunavyosoma. Ni ule ule ugonjwa wa mlango wa Lamu.

Ugonjwa huu si wa Waislamu peke yao. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza 1985 ulikuja na useremala, ushonaji, sayansi kimu na kilimo, ili mtoto akimaliza shule awe na la kufanya. Wazazi wakalalamikia gharama, shule nyingi hazikuwa na vifaa, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 masomo mengi ya namna hiyo yakapunguzwa. Tukabaki na mtihani na cheti. Mtoto akifeli ndipo tunamwambia, "Basi nenda ukasomee ufundi," kama vile tunampeleka jela.

Dini yetu inasemaje?

Ndugu yangu, ukiona haya kuvaa ovaroli, soma habari za Mitume. Nuhu (A.S.) aliunda jahazi kwa mikono yake, na watu wa kaumu yake walikuwa wakipita wakimcheka. Dawud (A.S.) alilainishiwa chuma na Allah akawa anatengeneza nguo za vita, na imo katika Sahih Bukhari kwamba hakuna chakula bora kuliko kile mtu anachokichuma kwa mkono wake, na kwamba Dawud alikuwa akila kwa kazi ya mkono wake. Naye alikuwa mfalme! Zakariya (A.S.) alikuwa seremala, kama ilivyo katika Sahih Muslim.

Wanavyuoni pia. Imam al-Khassaf wa Baghdad, mwanasheria mkubwa wa madhehebu ya Hanafi aliyefariki mwaka 261 Hijria, alijikimu kwa kushona viatu, na ndiyo maana ya jina lake. Ile Ratib al-Haddad tunayoisoma misikitini huku pwani, neno Haddad maana yake ni mhunzi.

Na usije ukasema mambo ya kompyuta ni ya Wazungu. Lile neno wanalolitumia watunzi wa programu kwa zile hatua za kukokotoa, algorithimu, limetokana na jina la al-Khwarizmi, Mwislamu aliyefanya kazi Baghdad katika karne ya 9. Na mwaka 1206 al-Jazari alimaliza kitabu chake cha mitambo, chenye saa za maji na pampu zinazojiendesha. Yeye alikuwa fundi aliyejua hesabu, na akachora kila mtambo ili fundi mwingine aweze kuuunda. Kwa hao wazee wetu mkono na hesabu vilikuwa kitu kimoja.

Kebo ilipofika Mombasa

Sasa tuje kwetu. Machi 2007 M-Pesa ilianza. Mwaka 2009 kebo za intaneti zilifika Mombasa chini ya bahari: TEAMS, iliyotoka Fujairah kule Imarati, kisha SEACOM. Kabla ya hapo tulikuwa tunategemea setilaiti, polepole na kwa bei ya kuumiza. Zikaja simu za kisasa, na mwaka 2016 serikali ikaanzisha mpango wa Ajira Digital wa kuwafundisha vijana kazi za mtandaoni.

Haya yote ni neema, alhamdulillah. Lakini tukaingia kwenye kosa la wazee kwa njia mpya. Zamani kila mtu alitaka kuwa karani wa kalamu, leo kila mtu anataka kuwa karani wa kompyuta. Kijana anasoma zile programu za kuandika na kupiga hesabu, anapewa cheti, anakaa nyumbani. Na tangu zile programu za akili bandia zilipoenea kuanzia mwisho wa 2022, kazi za kuchapa, kufupisha na kutafsiri zinafanywa na mashine kwa sekunde chache. Ukarani wa kompyuta ndio wa kwanza kuguswa. Lakini bomba likipasuka jikoni wakati wa daku, hakuna programu itakayokuja kuliziba.

Mfano wa gari

Nisieleweke kwamba ninasema tutupe kompyuta tushike nyundo. Hasha! Ninasema vitu viwili hivi ni ndugu. Chukua mfano wa gari.

Magari mengi yanayoshushwa Kilindini kutoka Japani yana kompyuta ndani yake. Taa ya injini ikiwaka, fundi anachomeka mashine ya kusoma, na pengine anaona P0301. Maana yake silinda ya kwanza haichomi mafuta sawasawa. Sasa mtazame fundi wa zamani asiyejua mashine hiyo. Atafungua injini nzima akitafuta, utamlipa siku mbili na pengine ameharibu na kisichoharibika. Halafu mtazame kijana anayejua mashine tu. Atakusomea P0301 vizuri kabisa, kisha atasimama hapo hapo. Kwa sababu mashine haisemi kama ni plagi, au koili, au injekta, au ni valvu inayovujisha mgandamizo. Hilo linataka mkono uliozoea, sikio linalosikia injini, na akili ya kuhamisha koili ya silinda ya kwanza kuipeleka ya pili, kisha kuangalia kama kosa limehama nayo. Anayejua vyote viwili anamaliza kazi kwa saa moja, na wateja wanapanga foleni.

Ni vivyo hivyo kwa fundi wa umeme anayefunga sola na kufuatilia betri kwenye simu. Ni vivyo hivyo kwa dada anayeshona mabuibui, anayepima na kukata mwenyewe, kisha anaonyesha kazi yake mtandaoni na kuuza mpaka Nairobi bila kutoka mtaani kwao. Dada zangu, jambo hili linawahusu sana. Wengi wenu mna mikono ya dhahabu katika upishi na ushonaji, lakini hesabu ya faida haiandikwi popote.

Basi tufanye nini?

Kwanza, milango ipo. Chini ya katiba ya 2010 politekniki za vijiji ziliwekwa chini ya kaunti, na sasa ndizo zile zinazoitwa vituo vya mafunzo ya ufundi. Ipo Kenya Coast National Polytechnic hapa hapa Mombasa. Na kama ndugu yako amejifunza kazi gerejini bila kukaa darasani, anaweza kufanya mtihani wa ufundi wa NITA, kuanzia gredi ya 3 kupanda mpaka ya 1, apate cheti kinachotambulika.

Pili, wewe uliyeko chuo kikuu kama mimi, usijione umevuka. Likizo ni ndefu. Jifunze kazi moja ya mkono. Na wewe uliyeko gerejini, jifunze kompyuta. Fundishaneni, msilipane kitu.

Tatu, na hapa ndipo nilipokuahidi tutarudi, ni zaka. Imam Nawawi, mwanachuoni mkubwa wa madhehebu yetu ya Shafii aliyefariki mwaka 676 Hijria, ameeleza kwamba fukara mwenye ujuzi wa kazi hupewa katika zaka kiasi cha kununua vifaa vya kazi yake, viwe vya bei ndogo au kubwa. Na amepokea Abu Dawud kisa cha mtu aliyekuja kumwomba Mtume (S.A.W.). Mtume hakumpa chakula akaondoka. Aliviuza vitu vichache vya yule mtu kwa dirhamu mbili. Moja akanunue chakula cha nyumbani, na nyingine akanunue shoka, kisha Mtume mwenyewe akalitia mpini kwa mkono wake mtukufu. Yule mtu akaenda kukata kuni na kuuza, akarudi baada ya siku kumi na tano ana dirhamu kumi.

Tafakari, ndugu msomaji. Kila Ramadhan tunagawa unga, mchele na tende, na ni jambo jema, watu wafuturu. Lakini mwezi wa Shawwal yule yule atarudi mlangoni. Je, misikiti yetu haiwezi kutenga sehemu ya zaka kununua masanduku ya spana, cherehani, mashine za kuchomelea, au kulipia karo ya kijana mmoja kila mtaa? Waliojenga MIOME walitofautiana kwa mengi kuliko tunavyotofautiana sisi na majirani zetu wa msikiti wa pili, na bado walikubaliana.

Nne, nakuomba jambo dogo. Kijana aliyeingia MIOME mwaka 1951 akiwa na miaka kumi na sita, kama yu hai leo ni mzee wa karibu miaka tisini au zaidi. Baada ya tarawehe, muulize babu yako, au jirani yake. Nani alisoma pale? Alifundishwa nini? Alifanya kazi wapi? Toa hiyo simu yako umrekodi. Hapo mkono wa fundi na simu ya kijana vitakuwa vimekutana, na majina yaliyosahaulika yatapata mahali pa kuandikwa.

Namwomba Allah (S.W.T.) azikubali funga zetu, awarehemu waliotuachia chuo kile, awape vijana wetu riziki ya halali kwa mikono yao, na atuepushe na dharau ya kazi. Amin.

Wabillahi tawfiq. Ramadhan Karim.